Jedwali lenu limemsahau anayemwogesha mgonjwa

Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma tangu enzi za marehemu baba, na kwa miaka yote hiyo sijakuandikia hata mstari. Leo nimeshindwa. Ni ile ripoti yenu ya Jumapili, kurasa mbili nzima na jedwali la rangi, mkitulinganisha na Uingereza, Ujerumani na Japani kwa mambo ya afya.

Mliyoandika siyakatai. Waingereza wanatibiwa kwa kodi tangu Julai 1948. Wajerumani walianza bima ya ugonjwa mwaka 1883, na sisi Wakenya Oktoba 2024 tukaiaga NHIF, bima ya afya ya zamani, tukaingia SHA, ile mpya, mwenye mshahara akatwe asilimia 2.75. Haya. Lakini jedwali lenu limekomea kwenye lango la hospitali. Mgonjwa akishatoka akapakiwa kwenye tuktuk, mwandishi wenu ameshafunga daftari lake.

Mama yangu ana miaka 74, amepooza upande wa kulia tangu Ramadhani ya mwaka juzi. Mwezi uliopita nilimpeleka kunyooshwa viungo katika hospitali moja ya hapa mjini, jina nalihifadhi, wenyewe wanajijua. Karani, kijana wa kuweza kuwa mjukuu wake, akamwambia, "Bibi, weka kidole gumba." Mashine ya alama za vidole ikakataa. Cha pili, ikakataa. Mkono uliopooza nikaunyanyua mimi, nikavinyoosha vidole kimoja kimoja kama anayeanua nguo zilizokauka kwa chumvi, vyote kumi vikakataliwa. "Bibi hana alama," karani akasema, tena kwa sauti ya kusikiwa na foleni nzima. Mama amesuka mikeka zaidi ya miaka arobaini, Mhariri. Miaa imemla vidole vikabaki laini kama kijiko. Maneno humtoka kwa shida siku hizi, lakini hayo yalimtoka vizuri: "Niandike basi sina mikono." Tukangojeshwa aitwe mkubwa, mkubwa yuko mkutanoni, na alipopatikana ilikuwa saa tisa na mnyooshaji viungo ameshakwenda zake. Tukarudi Majengo kama tulivyokwenda. Usiku ule nilimnyoosha mwenyewe, kwa mafuta ya nazi na kubahatisha.

Basi hilo la kumtunza mgonjwa nyumbani ndilo jambo ambalo wenzetu, kila mmoja kwa njia yake, wamelihesabu. Wajerumani tangu 1995 wana bima nyingine kabisa, ya utunzaji, na hata binti anayemlea mzazi wake nyumbani familia inaweza kupata fedha taslimu. Japani walianzisha yao mwaka 2000, mtu anaanza kuchangia akifika miaka 40. Na hao Waingereza mliowapamba, kule England kuogeshwa na kulishwa hakumo kwenye matibabu ya bure: mwenye mali inayozidi pauni 23,250 hujilipia. Scotland, taifa hilo hilo moja, wazee hawalipii kuogeshwa tangu 2002. Mngeandika hayo tungejifunza kitu. Na msiseme hizo ni nchi tajiri. Zanzibar, hapo ng'ambo tu, tangu 2016 kila aliyefika miaka 70 anapewa pensheni, awe aliajiriwa asiajiriwe.

Hapa kwetu aliyehesabiwa ni nani? Mimi nauza mahamri na mbaazi, sina payslipu, kwa hiyo natakiwa nilipe mchango wa SHA wa mwaka mzima kwa mkupuo, usiopungua shilingi 3,600. Lakini kumgeuza mtu kila baada ya saa mbili asifanye vidonda, hiyo si kazi. Hiyo ni radhi za mzazi. Kaka zangu wawili wananitumia hiyo radhi kwa simu kila Ijumaa, bila nauli.

Na madereva wa tuktuk nao. Wakiona wilichea wanataka nauli mara mbili, eti inachukua nafasi ya abiria. Mbona gunia la viazi halilipishwi? Hilo pia muandike siku moja.

Nasikia wakubwa wetu wanapenda safari za kujifunza ng'ambo. Waje kwangu, nauli ni ya matatu tu. Jumatatu, saa kumi na moja alfajiri, wawe wawili, kwa sababu mmoja hatoshi kumnyanyua. Waje na nepi za watu wazima, pakiti ya kumi, ndiyo huchukua siku tatu. Wamsalimie kwanza, shikamoo kamili, la sivyo hataukunjua mkono. Maji yawe ya uvuguvugu. Chai sitawapa mpaka saa mbili, saa hizo niko kwenye karai.

Msomaji wenu,
Majengo, Mombasa