Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: "Kuzurura" huko kumo kwenye ratiba ya shule

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima zote. Nilianza kwa mkuu wa shule, nikapanda kwa afisa elimu kata, nikaambiwa niandike. Nikaandika. Kimya. Ndiyo maana leo nakuandikia wewe, hadharani.

Wiki iliyopita msichana wa kidato cha pili, anayesoma na binti yangu, alivamiwa na kufanyiwa ukatili akitoka masomo ya jioni. Kesho yake paredi, mwalimu wa nidhamu akawaambia wasichana waache sketi fupi na kuzurura usiku, maana "anayetafuta hupata".

Kuzurura! Masomo hayo yamo kwenye ratiba ya shule, tunayalipia, na asiyehudhuria anachapwa. Sketi nayo imeshonwa na fundi wa shule, kwa kipimo cha shule, kwa hela yangu ya vitumbua.

Jioni hiyo mwanangu wa kidato cha kwanza akasema huku anamega ugali: "Lakini mama, si alijitakia mwenyewe?" Neno hilo hakulitoa nyumbani kwangu. Mwaka 2024 mlituletea somo la Historia ya Tanzania na Maadili, nikashangilia. Kumbe maadili yenyewe yanafundishwa paredi. Labda vyuo vya ualimu haviligusi jambo hili, labda walimu nao walilelewa hivyo. Wataalamu mnao ninyi.

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ipo tangu 1998, na mbakaji mtu mzima hafungwi chini ya miaka 30. Haina kifungu kinachopima sketi. Mlituahidi pia madawati ya ulinzi na usalama wa mtoto shuleni. La kwetu nimeliona: karatasi imebandikwa mlangoni, na mwalimu wa kupokea malalamiko ni huyohuyo wa nidhamu. Binti gani ataingia humo?

Wangu sasa hataki shule. Bodaboda ya kumpeleka na kumrudisha nalipa mimi, biashara nafunga mapema, na marejesho ya kikoba hayanisubiri.

Siombi semina, Mheshimiwa. Za posho tumeziona. Naomba mwalimu yule asimame paredi palepale, awaambie watoto walewale kwamba mkosaji ni aliyevamia. Wavulana hasa wamsikie. Afanye hivyo kabla shule hazijafungwa. Aseme tu, Mheshimiwa.

Mama wa wanafunzi wawili