Nataka kutoga septamu, lakini nina mafua ya mzio: nifanyeje?

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Mimi ni mwanamke mtu mzima, ninajitegemea, na kwa muda mrefu nimekuwa na nia ya kutoga septamu, yaani ule ukuta unaotenganisha mianzi miwili ya pua, ili nivae pete ndogo katikati. Mwilini mwangu hakuna tundu jingine isipokuwa yale ya masikio niliyotogwa nikiwa mchanga, kwa hiyo hili litakuwa la kwanza ninalolichagua mwenyewe. Sikuandikii ili unihukumie kama pambo hili linafaa au halifai. Hilo nimekwisha kulipima, na ninajua kwamba watu wa Nepali, wa Papua New Guinea na wa sehemu nyingine nyingi za dunia wamelivaa kwa vizazi na vizazi bila kumwomba mtu radhi. Ninachokuomba ni unisaidie kuamua kama pua yangu, kwa hali iliyo nayo, ni pua ya kutogwa sasa.

Tatizo langu kubwa ni mafua ya mzio. Vumbi kidogo likitimka ninapiga chafya mfululizo, kamasi jepesi linanichuruzika, na zipo asubuhi ambazo siwezi kufanya lolote kabla sijapenga mara kadhaa. Daktari aliniandikia dawa ya steroidi ya kupuliza puani, ambayo hutumika kila siku, na tangu nilipoizoea ninapumua vizuri na kulala usingizi kamili. Wasiwasi wangu ulianza niliposoma kwa makini karatasi ya maelezo iliyomo ndani ya boksi la dawa hiyo. Imeandikwa kwamba mtu mwenye kidonda puani, au aliyeumia au kupasuliwa pua hivi karibuni, hapaswi kuitumia mpaka apone, kwa sababu steroidi huchelewesha kupona kwa kidonda. Tena imeelekezwa kwamba mtu anapopuliza aelekeze mdomo wa chupa pembeni, mbali na ukuta wa katikati, kwa kuwa dawa ikiupiga ukuta huo moja kwa moja inaweza kuukausha na kuufanya utoke damu. Sasa, Shangazi, tundu la septamu ni kidonda, na kipo kwenye ukuta huo huo.

Nimejaribu kulitazama jambo hili kwa pande zote. Nikiendelea na dawa, ninaogopa kwamba tundu, ambalo mafundi husema hutulia katika wiki 6 hadi 8 na kuendelea kukomaa kwa ndani kwa miezi kadhaa zaidi, litabaki bichi kwa muda mrefu kuliko kawaida. Nikiiacha, chafya na kamasi vitarudi, na hapo nitalazimika kupenga na kufuta pua mchana kutwa, leso ikiisukuma pete huku na huku wakati nyama bado haijashikana. Kila pete inapotikiswa, ule ute unaokauka na kuwa ukoko pembeni mwa tundu huvutwa ndani na kukwaruza kidonda upya. Isitoshe, takriban theluthi moja ya watu hubeba puani bakteria wanaoitwa Staphylococcus aureus bila kuugua, na sioni sababu ya kudhani kwamba mimi si mmoja wao. Bakteria hao hawana madhara wakikaa juu ya ngozi isiyo na jeraha, lakini wakipata njia ya kuingia kwenye kidonda ambacho kinashikwashikwa kila saa, wanaweza kuleta usaha. Kwa hiyo sioni upande ulio salama kabisa, na hapa ndipo ninapohitaji mtu mwenye akili iliyotulia kuliko yangu.

Mawazo mawili yamenijia. La kwanza ni kusubiri ile miezi ambayo mzio wangu hupungua, kwa sababu hauwi na nguvu ile ile mwaka mzima, kisha nitogwe mwanzoni mwa kipindi hicho ili kidonda kipate nafasi ya kutulia kabla chafya hazijarudi. La pili ni kurudi kwa daktari na kumuuliza kama anaweza kunibadilishia dawa ya kupuliza kwa vidonge vya mzio kwa muda huo tu. Ninakiri kwamba ninaona haya kidogo kumwendea daktari mwenye foleni ya wagonjwa na kumwambia kwamba ninataka dawa yangu ipangwe upya kwa ajili ya pete. Hata hivyo, kuikatiza dawa kimyakimya bila yeye kujua naona ni vibaya zaidi.

Jambo la pili ni umbo la pua yenyewe. Nimewaendea mafundi wawili wa kutoga, na majibu yao hayalingani. Wa kwanza alinitazama kwa muda mfupi, akasema kila pua ina mahali pake, na kwamba angeweza kunitoga saa hiyo hiyo. Wa pili alinawa, akavaa glavu mpya, akaniinamisha kichwa nyuma na kuupapasa ukuta wa pua kwa vidole viwili, taratibu, kutoka ndani hadi nje. Alinieleza kwamba tundu zuri la septamu halipiti kwenye gegedu, yaani ile sehemu ngumu inayopindika kama ya sikio. Linapita kwenye kipande chembamba cha utando laini kilicho mbele ya gegedu, juu kidogo ya ile nyama inayoshuka kutoka ncha ya pua, na kipande hicho hutofautiana sana kati ya mtu na mtu. Changu, alisema, kipo lakini ni chembamba, na ukuta wangu umeelemea upande mmoja. Akiufuata ukuta ulivyo, pete itaonekana imepinda usoni. Akiufuata uso, sindano itapita mshazari na inaweza kugusa gegedu. Hakukataa kunitoga, ila alinishauri nikafikiri kwanza nirudi nikiwa nimeamua.

Kusema kweli, ninamwamini zaidi huyu wa pili, hasa kwa sababu hakuwa na haraka. Nimesoma pia kwa nini gegedu ni ya kuheshimiwa. Haina mishipa yake ya damu, bali hulishwa na utando unaoifunika, na damu ikivuja na kujikusanya kati ya viwili hivyo, gegedu inaweza kufa ndani ya siku chache na mgongo wa pua ukabonyea. Ninaelewa kwamba hayo hayatokei mara kwa mara, lakini hiyo ndiyo pua ninayopumulia. Je, ni busara nimwone kwanza daktari wa masikio, pua na koo aniangalie huo mpindo, au fundi mzoefu anatosha?

Kuhusu madini sina shaka kubwa. Hereni za bei rahisi huniwasha na kunitoa maji masikioni, dalili ambazo nimeambiwa ni za mzio wa nikeli, na ninajua kwamba hata kile chuma kinachoitwa cha upasuaji, aina ya 316L, huwa na nikeli ya asilimia 10 au zaidi. Nimeamua kuvaa titaniamu ya kiwango kinachotumika kwa vipandikizi vya mwilini, yenye alama ya ASTM F136, unene wa milimita 1.2 au 1.6 kwa jinsi fundi atakavyoona. Usafi nao nimeuelewa: sindano mpya ya matumizi ya mara moja, kamwe si bunduki ya kutogea, na baadaye maji ya chumvi safi ya asilimia 0.9, bila spiriti wala dawa nyingine kali.

Kazini kwetu mapambo ya usoni hayaruhusiwi. Hili lingenikatisha tamaa kama si ile pete ya umbo la kwato, iliyo wazi upande mmoja, ambayo hugeuzwa juu ikajificha ndani ya pua. Fundi wa pili ameniasa nisiigeuze kila asubuhi na jioni wakati kidonda kibichi. Niiache juu, au niiache chini, mpaka kipone. Nitaiacha juu. Hofu yangu ni kwamba ikiwa juu, vile vigololi viwili vya ncha za pete vitakaa ndani ya mianzi, pale pale ambapo kamasi hupita na ambapo mdomo wa chupa ya dawa huingia, na hivyo tunarudi kwenye tatizo lile lile la mwanzo. Labda katika wasomaji wako yupo mwenye mzio kama wangu ambaye ameyapitia haya. Ningefurahi sana kusikia kutoka kwake.

Limebaki la mama. Mama hapingi kwa sababu ya heshima au macho ya watu. Anapinga kwa sababu ana keloidi, yaani kovu linalovimba na kukua kupita jeraha lenyewe, kwenye sikio, iliyoota baada ya kutogwa akiwa msichana, ikakatwa, ikarudi kubwa kuliko mwanzo. Nilipomweleza nia yangu alinishika mkono akasema, "Mwanangu, sikio nalifunika kwa mtandio, pua utaifunika kwa nini?" Sikuwa na jibu. Ninajua kwamba keloidi hurithiwa katika familia, kwamba hupenda zaidi masikio, kifua na mabega, na kwamba vivimbe vingi vinavyotokea pembeni mwa tundu jipya si keloidi bali ni mwasho unaotulia chanzo chake kikiondolewa. Masikio yangu mwenyewe yalipona bila kovu. Lakini nilitogwa nikiwa mchanga, na keloidi nyingi huanza kati ya umri wa kubalehe na miaka 30, umri ambao bado nimo, kwa hiyo siwezi kumwambia mama kwamba hofu yake haina msingi. Nampenda, na sitaki kutogwa kwa siri.

Rafiki zangu wananiambia niachane na septamu nivae kipini cha pembeni, wakidhani ni jambo jepesi. Nimeuliza, nikaambiwa kwamba tundu la pembeni kwa kawaida hupita kwenye nyama ngumu na huchukua muda mrefu zaidi kupona kuliko la septamu lililotogwa mahali pake, na mafua yangu yatalikuta huko huko. Basi nishauri, Shangazi: nimwendee daktari wa mzio kwanza na kupanga dawa, au nianze na daktari wa pua kuhusu huo mpindo? Na mama nimweleze nini wakati nikisubiri, ikiwa utaona kwamba kusubiri ndiyo njia?

Wako mtiifu,
Msomaji mwenye mzio