Kwapa za tisheti yako

Shoga yangu,

Ujumbe wako nimeusoma jana usiku nikacheka mpaka basi, eti siku hizi unafanya mazoezi mikono umeibana ubavuni kama kuku aliyenyeshewa, watu wasione madoa ya njano kwenye kwapa za tisheti, na eti jasho ndo limeyaleta. Pole jamani ila nimecheka. Na mimi nishapita humo humo.

Kwanza jasho unalisingizia. Jasho karibu lote ni maji na chumvi kidogo, ile njano mara nyingi inaletwa na deodoranti yenyewe, zile za kuzuia jasho zina chumvi za alumini, zikikutana na jasho na mafuta ya mwili zinaganda kwenye uzi. Hebu shika hiyo tisheti hapo kwapani, si pamekakamaa kama karatasi iliyolowa ikakauka? Basi hapo umeshika deodoranti ya miezi yote hiyo.

Mimi nilikimbilia klorini, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Nikaimimina kwenye beseni nikaenda zangu kulala, kuamka kwapa ndo zimezidi njano na topu imelegea haivutiki tena. Saa hizi ni dekio.

We fanya hivi, siki nyeupe kikombe 1 kwa maji vikombe 4, igeuze nguo nje ndani uiloweke nusu saa, suuza, halafu koroga bekingi soda na maji kidogo iwe kama uji mzito, paka pale kwenye doa usugue taratibu na mswaki wa zamani, iache tena nusu saa ndo ufue. Usivichanganye pamoja, vinatoa povu la kufurahisha macho tu na vinauana nguvu. Na siki isikutane na klorini hata kidogo, inatoka gesi ya sumu, hapo sitanii. Kama nyeupe imegoma kabisa, tumia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile dawa ya maji ya kusafishia vidonda, na sabuni ya maji ya vyombo, ila za rangi jaribu kwanza kwenye pindo maana inapausha.

Pasi usiguse kabla doa halijatoka, moto unaligandisha. Anika, ikikauka icheki kwenye mwanga, kama bado rudia, mimi ile ya bluu nilirudia mara tatu.

Halafu deodoranti unapaka nyingi mno na unavaa nguo hapo hapo, nakujua! Paka kidogo, subiri ikauke. Hizo za kuzuia jasho hata ukipaka usiku kabla ya kulala zinafanya kazi vizuri tu. Au chukua isiyo na alumini, jasho litatoka lakini si ndo umeenda kufanya mazoezi? Na nguo zisilale kwenye begi, hiyo poliesta inashika mafuta na harufu kuliko pamba, ukishindwa kufua ukirudi basi angalau isuuze. Dawa ya kulainisha nguo achana nayo, inaacha utando.

Ile ya kijivu usiitupe kwanza. Iloweke leo, kesho nitumie picha ya kwapa.

Wako yule yule