Weka injini ya Toyota ukitaka, lakini bodi ya Datsun usiikate

Mhariri,

Naomba nafasi niongee na wenye Datsun 240Z, ile gari ya zamani ya spoti tunayoiita Zeti, zile chache zilizobaki, pamoja na mafundi wao. Mtu akitoa injini ya zamani akaweka injini ya Toyota inayoitwa 1JZ iliyotoka kwenye gari ya Mark II mimi sina shida kabisa. Wanaosema ni dhambi kuchanganya kampuni waangalie Sunbeam Tiger ya 1964, gari ya Uingereza yenye injini ya Ford ya V8, yaani silinda nane, ilitoka hivyo kiwandani na watu wakaipenda sana, mpaka Chrysler walipoichukua kampuni iliyokuwa ikiitengeneza wakakuta V8 yao wenyewe haiingii kwa sababu distributa yake, kile kifaa cha kugawa moto kwenye plagi, iko nyuma wakati ya Ford iko mbele, basi 1967 gari ikaachwa.

Kinachoniuma ni grainda. Nimeona Zeti moja gereji fulani, krosimemba (kile chuma cha chini kinachobeba injini) imekatwa, ukuta wa kati ya injini na dereva umetobolewa, pale giaboksi inapopita pamepondwa na nyundo, eti ndio injini iingie haraka! Jamani hii ndio gari iliyoshinda Safari Rally 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, halafu 1973 Shekhar Mehta akashinda nayo tena, ingawa pointi zake zililingana na za Harry Källström aliyekuwa na Datsun nyingine. Ni historia yetu ya barabara za huku. Na bodi yenyewe ni nyepesi, gari zima ni kama tani moja tu, sasa ukishakata bati halafu ukaongeza nguvu za injini, itaanza kujipinda.

Fundi anayejua kazi anatengeneza mauntini (vishikio vya injini) za kufunga na bolti kwenye matundu yale yale ya zamani. Sampo ya oili, lile bakuli la chini ya injini, ikigonga krosimemba inabadilishwa sampo, sio krosimemba. Propela, ile shafti ya kupeleka nguvu magurudumu ya nyuma, inatengenezwa mpya kwa urefu unaotakiwa. Halafu kuna vitu watu wanasahau, Zeti ilikuwa ya kabureta, kwa hiyo 1JZ inataka pampu ya petroli yenye presha na paipu ya kurudisha mafuta kwenye tangi, inataka rejeta kubwa, na breki za nyuma ni za drum, ukiziacha hivyo hivyo na injini mpya unahatarisha watu barabarani. Namba ya injini nayo ibadilishwe kwenye logbook, usingoje usimamishwe.

Na ile injini ya Datsun ya zamani, L24, silinda sita, lita 2.4, nawaomba sana msiiuze skrapu. Mimina oili kwenye silinda, ziba matundu yote, ifunge vizuri uiweke pamoja na giaboksi na kabureta zake mbili, na ukiuza gari uza navyo, ili anayenunua akitaka kuirudisha ilivyokuwa awe na kazi ya spana peke yake.

Mpenzi wa magari ya zamani,
Nairobi