Kuku Mgeni na Kamba Mguuni: Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wafugaji wa kuku Nairobi, wazee wetu, mama zetu, na nyinyi vijana mlioiacha Jumamosi yenu mkaja kuketi nasi,

Hamjambo nyote, na asanteni kwa kuja. Kwa desturi taarifa hii huanza na idadi ya wanachama na mikutano tuliyofanya. Hayo katibu ameyaandika, na mweka hazina ana hesabu zake mkononi, mtazisikia baada yangu. Mimi nitaanza na Januari, kwa sababu yote tuliyoyafanya mwaka huu yalitokana na Januari, na Januari yenyewe ilianzia kwangu nyumbani.

Wengi wenu mliwajua kuku wangu pale Waithaka. Walikuwa tisa, katika banda la mbao na mabati ubavuni mwa tangi la maji. Mkubwa wao tulimwita Bi Mkubwa, kienyeji mwenye madoadoa, umri miaka mitano, ambaye kila asubuhi alikuja hadi kwenye ngazi ya mlango wa jikoni kudonoa kamba za viatu vyangu mpaka nimtupie kitu. Mwezi Desemba tulikuwa tunatarajia wageni wa Krismasi, nikaenda sokoni nikanunua matetea mawili. Walikuwa wazuri, manyoya yanang'aa, macho maangavu. Nilipofika nao nyumbani roho ikagoma kuwachinja. Nikawafungua kamba, nikawaingiza bandani na wenzao jioni ile ile.

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Nimeisikia methali hiyo tangu utoto, na siku zote nimeichukua kuwa ni habari ya watu na ugeni wao. Ni habari ya kuku pia. Kamba ile ndiyo inayomweka mgeni kando mpaka ajulikane, na mimi niliikata kwa mkono wangu.

Baada ya siku sita tetea mmoja mgeni alianza kupumua kwa mdomo. Kesho yake kinyesi kilikuwa kijani kama majani yaliyopondwa. Halafu ikawa mmoja mmoja, kisha wawili wawili. Bi Mkubwa alichukua siku tatu. Shingo ilipinda mpaka jicho moja likawa linatazama juu bandani, na alipojaribu kudonoa punje iliyokuwa mbele yake aliikosa, akadonoa tena, akaikosa. Nilimshikia kijiko cha maji. Aliutoa ulimi, lakini maji yalimwagika ubavuni mwa mdomo yakanilowesha mkono. Alifia pale, kwenye taulo, saa nne usiku. Mzoga wa mwenzake niliupeleka maabara ya mifugo Kabete, na jibu likawa lile nililoliogopa: kideri, ugonjwa wa virusi unaoua kuku. Kati ya ndege kumi na mmoja nilibaki na wawili.

Nawaeleza haya kwa kirefu kwa sababu nilikuwa mwenyekiti wenu, na chanjo nilikuwa nimeiahirisha tangu Septemba. Niliijua sababu, na wengi wenu mnayo sababu hiyo hiyo. Chupa ndogo ya chanjo mnayoipata agroveti, yaani duka la dawa za mifugo, mara nyingi ni ya ndege 100. Mwenye kuku tisa anaona anatupa dozi tisini na moja. Na ukishaichanganya na maji yake, unayo saa mbili hivi kuitumia. Haiwekwi ikasubiri wiki ijayo. Basi mtu anasema nitangoja wapate kuwa wengi. Kideri hakingoji.

Ugonjwa huu Wazungu waliupa jina la mji wa Newcastle, Uingereza, ulikotambuliwa mwaka 1926, na mwaka huo huo ulikuwa umeonekana Java, kule Indonesia. Unakaribia karne sasa na bado hauna dawa. Nasisitiza neno hilo kwa sababu kila ukizuka, simu yangu hujaa maelekezo ya mshubiri, pilipili kali kwenye maji, na vidonge vya binadamu vilivyosagwa. Sikatai kwamba anayetoa ushauri huo ana nia njema. Lakini vidonge vya kuua bakteria havigusi kirusi, na vinabaki kwenye mayai unayomkaangia mtoto. Kinachozuia kideri ni chanjo, tone moja kwenye jicho moja, kurudiwa kila baada ya miezi mitatu hivi. Na chanjo yenyewe inatengenezwa hapa hapa Kenya, na KEVEVAPI, taasisi ya serikali ya chanjo za mifugo. Hatukuwa na kisingizio.

Kwa hiyo mkutano wa Februari ulikubaliana tuchange chupa. Huo ndio uamuzi mkubwa wa chama hiki mwaka huu, na nashukuru uliungwa mkono hata na waliokuwa na kuku wawili. Tumechanja pamoja mara nne: Machi, Juni, Septemba na Desemba. Mama mmoja wa Dagoretti alitoa friji yake. Chupa ilisafirishwa kwenye chupa ya chai yenye barafu, ndani ya mfuko wa kijana wetu wa boda, na daktari wa mifugo alipanda nyuma yake. Mitaa ilipangwa kwa njia ambayo chupa ikifunguliwa inaishia karibu, Kawangware na Riruta siku moja, Umoja na Kayole siku nyingine. Mwanzoni tulipoteza chupa nzima pale Kayole kwa sababu wenyewe walikuwa wamewaachia kuku asubuhi na ilibidi wakimbizwe uani saa nzima. Tangu hapo tumekubaliana: siku ya chanjo, banda halifunguliwi mpaka tufike.

Tangu Machi sijapokea simu ya kideri kutoka kwa nyumba iliyochanjwa mara zote nne. Nimezipokea kutoka nyumba mbili zilizokosa zamu ya Juni, na nilikwenda kote kuwili kuwapa pole.

Sasa nina jambo zito, na nitalisema bila kumtaja mtu. Mwaka huu kuna walioona kuku wameanza kusinzia na kunya kijani, wakawafunga miguu haraka na kuwapeleka sokoni kabla hawajafa. Naelewa uchungu wa hasara. Lakini matetea yangu mawili ya Desemba yalitoka kwa mtu aliyefanya hivyo hivyo, au kwa aliyeuziwa na mtu aliyefanya hivyo. Kuku mgonjwa haondoki nyumbani. Akifa, azikwe chini sana mbwa wasimfukue, au achomwe moto. Asitupwe kwenye jalala wala mtoni. Ningependa mkutano huu uliandike hilo kwenye kanuni zetu leo, na anayelivunja aitwe na kamati.

Na kanuni ya pili: kila kuku mpya akae peke yake wiki tatu hadi nne, na chombo chake cha maji, na ahudumiwe mwisho baada ya wengine. Asiyekuwa na banda la pili, boksi kubwa lenye hewa linatosha. Kutenga huku kuna faida nyingine ambayo sikuitegemea. Kuku hupangana kwa vyeo, nani amdonoe nani na nani apishe. Mnorwe mmoja, Thorleif Schjelderup-Ebbe, ndiye aliyekuja kuueleza mpango huo kitaalamu mwaka 1921, baada ya kutazama kuku tangu akiwa mtoto. Mgeni anayewekwa mahali ambapo wenyeji wanamwona kwenye wavu kwa siku nyingi hupokewa kwa madono machache. Anayetupwa ndani ghafla hung'olewa manyoya mpaka damu.

Niende kwenye furaha, maana tunafuga kwa ajili yake.

Mwezi Mei nilialikwa Umoja, juu ya paa la ghorofa ya sita, ambako mwanachama wetu mmoja, mwalimu mstaafu, anafuga matetea manne kwa ruhusa ya mwenye nyumba. Ameweka wavu juu na pande zote kwa ajili ya mwewe, ambao pale Umoja huzunguka kutwa nzima. Ameweka karai la majivu na mchanga. Tulikaa kwenye viti vya plastiki, tukamtazama mmoja wao akiingia karaini, akajilaza ubavu, akatandaza bawa moja kama anayeanika nguo, akajirushia vumbi mgongoni kwa miguu, kisha akafunga macho. Tulinyamaza karibu nusu saa. Mwalimu akaniambia kwamba tangu mkewe afariki hiyo ndiyo saa anayoingoja kila siku. Majivu yale yanaua utitiri na viroboto pia, lakini sikuona haja ya kumwambia hilo.

Kuna msichana wa darasa la nne kule Buruburu aliyeniandikia barua kwa penseli kunijulisha yai la kwanza la tetea wake. Alikuwa ameyaona yote yanayotangulia: upanga wa kichwani ulivyowiva ukawa mwekundu, tetea alivyoanza kuchutama kila akinyoshewa mkono, na alivyokagua kila kona ya nyumba hadi kwenye kikapu cha nguo chafu. Yai lilikuwa dogo kama la njiwa, lina alama ya damu. Akauliza kama kuku wake ameumia. Nilimjibu kwamba mayai ya mwanzo mara nyingi huwa hivyo, na kwamba asiongeze jogoo kama anavyoshauriwa na mjomba wake, kwa sababu tetea hutaga bila jogoo. Jogoo anahitajika kwa vifaranga tu. Hili liwafikie na nyinyi wengine mnaogombana na majirani na wasimamizi wa ploti kila alfajiri.

Mwezi Agosti tulimwokoa kuku aliyekwamwa na yai. Mwanachama wetu wa Lang'ata alinipigia saa moja usiku: tetea amesimama kama pengwini, mkia umelegea, anasukuma na hakuna kinachotoka. Nilipofika tulimkalisha kwenye karai la maji ya vuguvugu, yamfike tumboni, dakika ishirini, mwenyewe akimshika kifua na kumsemesha taratibu. Tukamkausha, tukampaka mafuta ya kupikia, tukamweka kwenye boksi lenye giza. Tulikunywa chai bila kuongea sana. Saa tatu na nusu tukasikia anatetea. Ganda lilikuwa laini, linabonyea chini ya kidole. Alikuwa akilishwa mabaki ya ugali na mchele peke yake, na ganda haliwezi kujengwa kwa ugali. Kuku anayetaga anataka gramu 110 hadi 120 za chakula kamili kwa siku, na chokaa ya kutosha. Maganda ya konokono wa baharini yaliyosagwa ni ya bei nafuu agroveti. Sukuma wiki ning'inizeni kwa kamba, wanaipenda na inawapa kazi. Omena ni nzuri, ila ipunguzeni, mayai hunuka. Wenye nafasi watembelee pia icipe, kituo cha utafiti wa wadudu pale Kasarani, wanakofanya utafiti wa mabuu ya nzi kama chakula cha mifugo. Kamati itajaribu kutupangia ziara.

Mvua za Aprili mnazikumbuka, na sitazirudia sana. Wanachama wawili walioishi karibu na mto walipoteza banda na kuku wote usiku mmoja, na nyumba zao zikaingiwa maji. Chama kiliwapa kilichoweza. Vifaranga waliotolewa na wenzao wamekua na wanataga. Baridi ya Julai nayo ilituletea msiba mwingine ambao ungeweza kuzuilika: stima ilipotea, mtu akaingiza jiko la makaa kwenye chumba cha vifaranga, akafunga dirisha. Asubuhi hapakuwa na aliye hai. Ile gesi ya makaa haina harufu, na ingemuua mtu vile vile. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa inatosha kuwavusha usiku mmoja.

Limebaki suala la kuku wazee, lililotugawa mwezi Juni. Kuku hutaga vizuri miaka miwili ya kwanza, kisha hupungua, na anaweza kuishi miaka minane au zaidi. Wako wanaosema wachinjwe, na wako wanaosema wazeeke kwa amani. Kamati haitatoa amri. Msimamo wangu ni kwamba mayai ya Bi Mkubwa yalikuwa yameshapungua tangu mwaka wake wa tatu, na ningemlisha mpaka wa kumi. Mwenye shida ya chakula simlaumu akichinja. Namwomba atumie kisu kikali, na asifanye hivyo mbele ya mtoto aliyempa kuku huyo jina.

Kuhusu kaunti: sheria ya kilimo cha mjini ilipitishwa Nairobi mwaka 2015, kwa hiyo shughuli yetu inatambuliwa. Katibu ana nakala. Msiione kuwa leseni ya kuacha harufu. Malalamiko yote matatu tuliyopokea yalikuwa ya kinyesi kilicholowa, na yote yaliisha kwa maranda makavu na kufagia.

Chanjo ijayo ni Machi 2025. Orodha ya mitaa iko mlangoni; andika jina, mtaa na idadi ya kuku wako, hata kama ni mmoja. Nyumbani kwangu sasa wako watano: wawili walionusurika, na watatu walioletwa na nyinyi mwezi Mei ndani ya boksi lenye matundu. Walikaa wiki nne upande wa pili wa wavu.

Naiwasilisha taarifa hii kwenu kwa majadiliano.

Mwenyekiti
Nairobi