Njia panda isiyo na kibao

Makorora, Tanga

Mwanangu,

Marahaba. Salamu zako mama yako amenifikishia. Sisi hatujambo. Mvua imeshika tangu Ijumaa, goti langu linauma kidogo, si la kukutia wasiwasi.

Ile sauti uliyomtumia mama yako nimeisikia. Hukunitumia mimi, ulimtumia yeye, naye akaifungulia jikoni huku anakuna nazi, mimi niko barazani nasubiri chai. Nikasikia unacheka, unasema mwalimu wa udereva wa huko Ujerumani amekanyaga breki za upande wake mpaka mkanda ukakubana kifua, kwa sababu gari dogo lilitokea kwenye kichochoro mkono wa kulia na wewe hukumpisha. Mama yako naye akacheka. Mimi sikucheka. Chai ilipoa nikiwa nimeikodolea macho.

Nimekaa na jambo hilo siku nne, ndiyo nikaona nikuandikie. Naandika kwenye daftari la mdogo wako, yeye ataipiga picha akutumie. Kwa simu huwa unaniambia "sawa baba, nimeelewa" kabla sijamaliza sentensi. Karatasi haikatiki njiani.

Kilichokufanya usisimame pale nakijua. Kimetoka kwangu. Mimi ndiye niliyekuambia kwamba aliye kwenye barabara kubwa ndiye mwenye njia, na anayetoka mtaani angoje. Na kwamba fuso likija, mpishe hata kama haki ni yako. Hilo sikulisema kwa mdomo, ila uliniona nikilifanya, na mtoto huchukua anachokiona. Huko mlipo si hivyo, mama. Njia panda isiyo na kibao wala mataa, anayetoka mkono wako wa kulia ndiye anayepita kwanza. Hata awe anatoka kwenye kijia chembamba. Hata awe na kigari cha kubebea mkate na wewe uko kwenye basi. Mkono wa kulia.

Mdogo wako nilimtuma steshenari akanitolea vibao vyao kwa rangi, karatasi sita, nimevibandika ukutani juu ya redio. Mama yako analalamika kwamba gundi itachubua rangi. Nimevisoma kila jioni baada ya Isha. Kuna kile cha umbo la almasi, njano katikati na ukingo mweupe. Ukikiona, uko kwenye barabara yenye haki, na haki hiyo unakwenda nayo njia panda moja hadi nyingine mpaka ukutane na kilekile kimekatwa mistari. Hapo imekwisha, na hapo ndipo ninapokuogopea, kwa sababu umekwishazoea kupita tu. Kuna na kingine, pembetatu yenye mshale mnene unaokatwa na kijistari chembamba. Hicho kinakupa haki ya njia panda moja tu, hiyo iliyo mbele yako. Inayofuata uanze kuangalia upya. Usivichanganye hivi viwili.

Na palipo kimya, pasipo na chochote, ni mkono wa kulia.

Nimetafuta namna ya kukuelewesha nikaikumbuka Ngamiani yetu hapa mjini. Zile barabara za namba zinavyokatana, kila baada ya nyumba kadhaa unakutana na nyingine, hakuna kibao hata kimoja, na kila mtu anapita kwa kuangaliana usoni na mwenzake, bajaji, baiskeli, mkokoteni wa maji. Sasa wao wana mitaa ya namna hiyo, wanaweka kibao cha mwendo wa 30 mlangoni mwa mtaa, na ndani humo mara nyingi hukuti kibao kingine cha kukusaidia. Ni Ngamiani tupu, ila hawaangaliani usoni. Yule wa kulia hatakutazama kujua kama umemwona. Anakuja, kwa sababu sheria imemwambia aje. Wewe umezoea kumsoma mtu akipunguza mwendo kidogo, ukajua amekuachia. Huyo hapunguzi. Ila ukiwa wewe ndiye unayetoka kwenye maegesho au uwanja wa nyumba ya mgonjwa unayekwenda kumuuguza, unangoja wote, wa kulia na wa kushoto.

Vile vile kuhusu indiketa. Hili nakuomba ulisome mara mbili. Kwetu lori la mbele likiwasha ya kulia unajua anakuambia tulia, kuna gari linakuja. Akiwasha ya kushoto, ovateki. Nimekwenda Tanga na Dar na Arusha kwa lugha hiyo miaka 31 na imeniokoa, kama yalivyoniokoa matawi ya miti yaliyotandazwa kwenye lami pale Kabuku na Mkata kunijulisha kwamba mbele kuna gari limekufa. Huko lori likiwasha ya kushoto halikukaribishi upite. Linahamia kushoto lenyewe, na kushoto ndiko unakoovatekia wewe, kwa kuwa wao wanaendesha kulia. Ukilichukua kwa maana ya kwetu utajikuta ubavuni mwake. Nililala nikaamka usiku kwa ajili ya hilo tu.

Kipilefti nacho. Jina lenyewe, la Kiingereza, shika kushoto, lishakuwa uongo huko, maana unakizunguka kwa upande wa pili, na walio ndani wanakutokea kushoto kwako. Penye kile kibao cha bluu chenye mishale mitatu inayozunguka, pamoja na pembetatu iliyogeuzwa kichwa chini, unawapisha walio ndani. Ukiingia usiwashe indiketa, unawasha unapotoka. Najua shingo yako itageuka kulia kwanza, ndivyo nilivyokuzoesha pale Raskazone. Kipilefti ni mahali pamoja ambapo sikuambii mkono wa kulia.

Mataa hayanitii hofu sana, rangi ni zilezile. Ila kumbuka, kabla ya kijani inawaka nyekundu na njano kwa pamoja, maana yake jiandae, si kwamba uondoke. Najua mguu wako una haraka. Mengine huyazima usiku, au yanabaki kumetameta njano. Hapo utazame kibao kilichofungwa kwenye nguzo hiyohiyo. Mataa yakiwaka kibao kinanyamaza, yakizimika kibao ndicho kinachoongoza. Na askari akisimama katikati, askari anashinda vyote viwili, kama hapa. Akikuonyesha kifua au mgongo, simama. Akikupa ubavu, pita.

Nyekundu usiipite. Hata saa tisa usiku na barabara nyeupe hakuna hata paka. Wenzangu wengi, na mimi nilikuwa nao, tulikuwa tukifika Ubungo alfajiri, enzi zile kabla ya barabara za juu, tunapunguza, tunachungulia, tunapita. Wewe mara moja ulikuwa umelala kwenye kiti cha utingo, ulikuwa darasa la pili. Ulipoamka ukaniuliza mbona ile taa ilikuwa nyekundu. Sikukujibu. Huko kuna kamera. Nyekundu ikishawaka zaidi ya sekunde 1 ukaipita, ni euro 200, pointi 2 za makosa na mwezi mzima bila kuendesha, na mwezi bila gari kwa kazi yako ni mwezi bila kazi. Pointi zinaandikwa mji wa Flensburg, hapo kaskazini yenu tu. Zikifika 8 leseni inachukuliwa.

Nataka ujue kwamba najivunia. Nimewaambia watu wa barazani wote, na wa kijiweni pale Mgandini nimewaambia. Leseni yako ya hapa ilikufaa miezi 6 tu tangu uhamie, na kwa kuwa nchi yetu haimo katika wale wanaobadilishiwa tu, ukaanza upya kama mwanafunzi, nadharia kwanza halafu barabarani. Mtihani wa nadharia unaweza kufanywa kwa Kiarabu, Kituruki na lugha nyingine kadhaa. Kiswahili hakimo. Wewe ukaufanya kwa Kijerumani chao chenyewe na ukapita mara ya kwanza. Mtoto wa Makorora. Umeangukia Eckernförde, mji ulioungana udugu na Tanga, una bahari na samaki wa moshi, nami nilisema kwa Mungu hakuna bahati mbaya. Lakini kufaulu karatasi na kuifanya shingo igeuke ni vitu viwili, na umefeli kimoja mbele ya mwalimu. Ulikuwa unacheka. Ungekuwa peke yako kwenye gari la kazini, saa kumi na mbili asubuhi, giza la huko, unakimbilia sindano ya mzee wa kwanza, nani angekanyaga breki?

Theluji ikifunika vibao, angalia umbo. Cha pembe nane ni cha kusimama kabisa, cha pembetatu iliyogeuzwa ni cha kupisha. Hakuna kingine chenye maumbo hayo, hata ukikiona kwa nyuma. Na kile cha njano chenye jina la mji si mapambo. Ukishakipita mwendo ni 50, hawaandiki tena, wala hakuna tuta la kukukumbusha.

Baiskeli. Hili nimelichelewesha.

Unapokata kulia huko, baiskeli inayokwenda moja kwa moja iko kulia kwako, na ina haki mbele yako. Kioo hakitoshi. Geuza kichwa, tazama juu ya bega, ndipo ukate. Wewe umekaa kushoto mwa gari, upande huo uko mbali nawe, kuna nguzo ya mlango inaficha mtu mzima. Kwetu ni kinyume, unakata kushoto na baiskeli iko kushoto.

Yule kijana wa barabara ya 14, mwaka ule nilipokuwa nabeba machungwa ya Muheza, nimewaambia nyumbani siku zote kwamba baiskeli yake haikuwa na breki. Breki alikuwa nazo. Mguu wake ulipona, anatembea vizuri, sasa ana duka la vipuri, na kila Idi napita kumsalimia. Mama yako anajua ninakopita lakini hajui kwa nini. Nakuambia wewe kwa sababu unakwenda kuishi kwenye mji wa baiskeli, na ulizaliwa kwenye mji wa baiskeli, na dereva aliyekufundisha hakugeuza kichwa.

Basi geuza kichwa.

Ya nyumbani sasa. Ile hela ya mwezi uliopita tumenunulia bati kumi, fundi amefunika upande wa jikoni, bado chumba cha bibi yako, maji yanashuka kwenye ile kona ya kabati. Mwezi huu usitume. Najua masomo ya barabarani unalipa kwa saa, na sitaki upunguze saa kwa ajili ya bati. Bibi anaweza kulala sebuleni, amekubali, ila anataka redio izimwe mapema. Shangazi yako wa Pangani ameleta ndoo ya dagaa, nusu zimeliwa na paka. Dawa za presha za mama yako zipo, anameza, nahesabu mwenyewe vidonge kila Jumapili. Mnazi wa uani umeanza kuinama kuelekea choo cha jirani, tunatafuta mtu wa kuukata kabla haujaleta ugomvi.

Mdogo wako ameanza kuiomba baiskeli yangu ya kwenda shule. Nilikuwa nakataa. Juzi nilimruhusu, nikamfunga kengele mpya na kile kioo chekundu cha nyuma, nikasimama mlangoni mpaka alipopinda kona. Ameniuliza kwa nini nasimama. Nikamwambia naangalia mawingu.

Siku ya mtihani wa barabarani unijulishe saa, ya huko na ya hapa. Hutanipigia, najua, utakuwa na kazi. Niandikie tu saa. Nitakuwa nyumbani, sitatoka.

Na ukikutana na kibao usichokielewa, simama pembeni palipo salama, kipige picha, nitumie mimi. Si mama yako. Mimi ninavyo ukutani.

Baba yako

Mama yako anauliza kama yale mafuta ya nazi yalifika au chupa ilipasuka njiani. Anasema umjibu kwa sauti, hataki kusoma.