Bahari inasingiziwa koili zilizoungua

Mhariri,

Kila kitu kikiharibika huku pwani, bahari ndiyo hushtakiwa. Naomba nafasi niitetee, angalau nusu.

Mwezi uliopita niliitwa kwenye baa moja upande wa Nyali nikaangalie mashine ya pinboli, ile ya goroli la chuma na mabawa mawili ya kulirudisha juu. Imetengenezwa Chicago, Marekani, miaka ya 1980. Mwenyewe alishaichoka: koili ya bawa la kushoto, yaani waya uliozungushwa unaogeuka sumaku umeme ukipita na kulivuta bawa, imeungua mara tatu, ya nne hanunui. "Ni chumvi ya bahari, mzee wangu. Mashine hizi si za huku."

Nikafungua. Koili ya bawa ina nyaya mbili. Wa kwanza mnene. Nilipima wa bawa la kulia, ambalo halikuharibika, nikapata ukinzani wa omu 4. Kwa volti 50 za mashine ile, huo huvuta zaidi ya ampia 12, na ndiyo nguvu ya kulipiga goroli. Wa pili mwembamba kama unywele, omu 160, kazi yake kulishikilia bawa juu. Pembeni kuna swichi ya vibati viwili. Bawa likiwa chini, swichi imefunga na umeme unaukwepa ule mwembamba. Bawa likifika juu, huisukuma swichi ikaachia, umeme ukapita nyaya zote mbili, ampia zikashuka hadi 0.3 hivi. Hapo shika kitufe mpaka feri iende Likoni na kurudi, hutaona moshi.

Sasa kosa la bahari ni hili: hewa ya chumvi ilizila pointi za swichi, zikawa hazigusani. Umeme ukapita nyaya zote mbili tangu mwanzo, bawa likalegea, goroli halifiki hata nusu ya ubao. Akaitwa fundi. Simlaumu kwa kutafuta riziki, lakini alilehemu kipande cha waya, urefu wa kucha, akaiunga swichi moja kwa moja, isiachie tena. Bawa likapiga kama jipya! Akalipwa, akaenda zake. Mteja wa kwanza kushikilia kitufe akapigwa na moshi usoni. Koili ya pili ikafungwa, kipande kikaachwa pale pale. Na ya tatu. Fyuzi nayo, kumbe, ilishabadilishwa ikawekwa kubwa, ili isisumbue.

Nilikitoa kipande, nikazisugua pointi kwa tupa ndogo (hizo ni za tungsteni, ngumu, swichi zenye pointi za dhahabu usizisogezee tupa, karatasi ngumu yatosha), nikakunja kibati mpaka pengo likawa milimita 2 bawa likiwa juu kabisa. Nyaya nilizichora kwanza nyuma ya pakiti ya sigara, maana dayodi za koili, vile vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, zikielekea kinyume fyuzi inakwenda papo hapo. Nikarudisha fyuzi ya kipimo chake.

Wenye baa na hoteli, msimwambie fundi "itie nguvu" tu. Akimaliza, mwambie ashikilie kitufe huku ukihesabu hadi 30, kisha azime umeme na aiguse koili mwenyewe. Akiondoa kidole haraka, usimlipe.

Fundi wa redio tangu enzi za valvu,
Majengo, Mombasa